Mjomba, huyo mtoto mwache asome

Mjomba wangu, shikamoo.

Najua ungependa nije nyumbani tuongee, na nitakuja inshallah, lakini hili naliandika hapa wazi kwa sababu wajomba na mashangazi wenye maneno kama yako wamejaa Malindi hii na nataka nao wasome. Siku ya Iddi ulisema mbele za watu kwamba mdogo wangu ameharibika, skuli zimefungwa na badala ya kushika la maana yeye kutwa yuko na vitabu vya watu kuruka angani, mambo ya wazungu, mtoto wa kwetu hana lake huko. Nilinyamaza kwa ajili ya wakubwa waliokuwepo. Ila sikukubali hata kidogo, na ushahidi wangu wa kwanza ni wewe.

Manake mjomba wewe ni mtu wa Ngomeni, huko ufuoni kaskazini mwa Malindi. Ni wewe uliyetuhadithia tukiwa wadogo vile roketi zilikuwa zikiruka kutoka yale majukwaa ya Waitaliano baharini, moto unauona kwanza halafu mlio ndio unakuja nyuma, mpaka kuku wanakimbilia uvunguni. Hiyo haikutoka kitabuni. Tarehe 12 Disemba 1970, siku yetu ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani wakaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo, na ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta miale ya eksirei inayotoka angani. Ilifanya kazi mpaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya hiyo miale, na data yake ndiyo iliyowafanya wataalamu waanze kuamini kwamba kile kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi, yani nyota iliyokufa ikajikunja mpaka hata mwanga hautoki. Imeanzia Ngomeni habari hiyo! Roketi ya mwisho iliruka 1988.

Sasa hapo ndipo roho inaponiuma. Wazee wetu walikuwa ufuoni wakitazama. Wengine walipata vibarua, sawa, lakini mahesabu na mipango na yale maswali ya kwamba tutafute nini huko juu yalikuja na wageni yakaondoka na wageni. Hivi vitabu unavyovilaumu ndio mahali pa kwanza mdogo wangu amemwona msichana mweusi akiwa ndiye anayepiga mahesabu.

Kile ulichokiona mkononi mwake kinaitwa Binti, kimeandikwa na Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake ni wa Nigeria, kilitoka 2015 na mwaka uliofuata kikachukua Hugo na Nebula, ambazo kwa waandishi wa aina hii ndio tuzo kubwa kabisa. Huyo Binti ni Mhimba, wale watu wa Namibia wanaojipaka udongo mwekundu na mafuta, baba yake ni fundi wa astrolabu, jina la kile chombo cha kale cha kupimia nyota, na yeye hesabu ziko kwenye damu, amepata nafasi chuo kikuu kilichoko sayari nyengine na kwao hakuna aliyewahi kwenda, basi anatoroka watu wamelala bila kuaga. Na chombo anachopanda utakipenda mjomba, wewe uliyevua kamba ghuba ya Ungwana miaka yote, manake ni kiumbe hai, jamii ya kamba, abiria wanakaa ndani yake.

Njiani wanavamiwa na viumbe wanaoelea kama konyeza, wanaua karibu kila mtu chomboni. Mwandishi mwengine angeipeleka hadithi kwenye kisasi tu, lakini Binti anapata njia ya kusema nao na kumbe wana kesi ya kweli, mwiba wa mkuu wao uling'olewa na wasomi wa kile chuo ukaenda kuwekwa makumbusho. Mdogo wangu alipofika hapo alinijia jikoni na kitabu wazi akaniuliza, hivi si ndio vile vigango? Ndio vyenyewe. Vigango vya Wagiriama, zile nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wazee waliofariki wa Gohu, chama chao cha wazee wa heshima, viling'olewa huku kwetu vikauzwa, vikaishia makumbusho ya Marekani, na ni miaka ya karibuni tu ndio vimeanza kurudishwa vichache vichache. Mtoto wa skuli ameunganisha mwenyewe, hakuna mwalimu aliyemwonyesha, na wewe wasema anapoteza wakati. Kitabu kina kasoro yake, mie naona wale waliouawa wanasahauliwa haraka mno, tena walikuwa rafiki zake, na tulibishana na mdogo wangu juu ya hilo mpaka usiku.

Na kama tatizo ni Kiingereza, basi kuna Walenisi ya Katama Mkangi, mtu wa pwani hii hii, wa Ribe, ilitoka 1995 kwa Kiswahili. Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa kwenye chombo cha kumpeleka mautini huko angani na hakuna anayetegemea kumwona tena, yeye akatafuta namna ya kukiendesha akafika kwengine kabisa, kwa watu wanaoishi kwa usawa. Mjomba, mtu amefungiwa ndani ya kile kilichotengenezwa kumuua halafu anashika usukani! Sijui kwa nini kitabu hichi hakizungumzwi kila nyumba huku kwetu. Halafu kuna filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya 2009, maji yamekwisha mpaka watu wanachuja jasho na mkojo wao wanywe, na msichana mmoja anatoroka na mche wake kwenda kuupanda nje alikokatazwa. Hiyo ni fupi, hata nusu saa haifiki, nitakuonyesha kwenye simu.

Ulisema pia ni uongo mtupu. Kwani zile hekaya za Abunuwasi ulizotulaza nazo zilikuwa kweli? Na mbona tulikua sawa, tukajua dhuluma ni nini na mjanja ni nani.

Sasa nina ombi. Mdogo wangu anaandika hadithi yake, kwa Kiswahili, imeanzia Ngomeni miaka mingi ijayo, majukwaa yamefufuliwa na wanaorusha ni watu wa hapo hapo, mkubwa wao ni mwanamke aliyekulia kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni. Amekwama. Tarehe na majina anayapata kwenye intaneti lakini hakuna panapomwambia ni mashua gani zilikuwa zikivusha watu pale, nani alikuwa akiwapikia, nyinyi wavuvi mlikuwa mkiambiwa nini siku ya kurusha na samaki walikuwaje baada ya ule mlio. Hayo unayo wewe. Jumamosi baada ya adhuhuri nitamleta na daftari lake, atakurekodi kwa simu, nami nitakuja na nakala yangu ya Walenisi, imechakaa lakini kurasa zote zimo. Mpe muda mjomba, na usimkatize akiuliza jambo mara mbili.