YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA SOMO LA KIINGEREZA

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Tunafunga muhula salama. Ripoti ya mwanao imeambatanishwa na barua hii, tarehe ya kufungua imo humo. Mchango wa chakula tutauzungumza kikaoni. Leo nina la Kiingereza tu.

Watoto wetu wamesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, na nyumbani wengi wanaongea Kisukuma au Kikerewe. Wakiingia Kidato cha Kwanza, Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote zinageuka Kiingereza. Asiyefungua mdomo kwenye kipindi cha Kiingereza atanyamaza na kwenye Baiolojia. Msiwaite wavivu. Wanaogopa kuchekwa.

Muhula huu mwalimu wa Kidato cha Pili, mgeni huku ziwani, aliwauliza kwa nini dagaa huadimika pale Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, mwezi ukiwa mpevu. Hakuwa anawatega, alikuwa hajui kweli. Darasa lililozoea kuinamia madawati likaamka. Mmoja akaenda ubaoni, akachora mtumbwi na taa, akaeleza kwamba dagaa hufuata mwanga gizani na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu. Binti mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake alisimama kubishana na mwenzake: dagaa wa kuanikwa kwenye chanja na wa mchangani, wapi na wapi kwa bei! Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kuungaunga, hasa wakati uliopita. Mwalimu hakumkatiza mtu. Aliandika makosa pembeni mwa ubao, wakayapitia mwishoni.

Kwa hiyo walimu tumekubaliana: adhabu kwa anayeongea Kiswahili shuleni imefutwa. Najua wapo kati yenu walioipenda. Ilichotupatia ni ukimya.

Likizo hii, anayekwenda kusaidia mwaloni, shambani au gengeni aandike kila jioni sentensi chache za Kiingereza kuhusu kazi aliyoifanya: bei, mteja msumbufu, chochote. Mzazi usiyejua Kiingereza, mwambie akusomee kisha akueleze kwa lugha yenu. Wewe ndiye utakayejua kama aliyoyaandika kuhusu kazi ni kweli. Kaka na dada zake wasimcheke. Tuisheni ya kukaririshwa sarufi, kama pesa ni ya kuungaunga, isubiri.

Daftari hilo aje nalo siku ya kufungua. Mwalimu wa somo ataanzia humo.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule
Mwanza