Doa la ndama, doa la mtoto: pima kabla ya kununua tyubu

Mama mmoja wa Kisesa aliingia kwenye duka letu la dawa za mifugo, Igoma, Mwanza, akiulizia "ile tyubu ya kila kitu", yaani krimu ya kupaka ngozi. Alikuwa anaitaka kwa ajili ya ndama. Kwenye simu alikuwa na picha: viduara vya kijivu kuzunguka macho na shingoni, manyoya yamenyonyoka, magamba yamekauka kama saruji iliyorukia ngozi. Nyuma yake alisimama kijana wake wa miaka saba hivi, saa saba mchana, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Tukamwomba aivue. Utosini palikuwa na uvimbe mpana kuliko kizibo cha soda, unatoa usaha, na nywele ukizigusa zinang'oka zenyewe. Nyumbani walishautoboa kwa wembe wakidhani ni jipu.

Kumbe kijana ndiye anayemshika ndama wakati mama anakamua.

Fangasi wa ng'ombe, ambaye maabara humwita Trichophyton verrucosum, anahama kwa mtu bila shida. Na akimpata binadamu, mwili hupambana naye kwa ukali kuliko unavyopambana na mapunye ya kawaida ambayo watoto huambukizana shuleni au kwenye mashine ya kunyolea. Ndiyo maana panavimba na kutoa usaha. Kupasua hakusaidii, kunaongeza kidonda na kovu.

Sasa tuseme kuhusu hiyo tyubu. Mara nyingi ndani yake mna vitu vitatu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Steroidi ndiyo inayopendwa, maana muwasho unakata haraka. Lakini inaukata kwa kuzima kinga ya ngozi pale pale, huku fangasi akiendelea kutambaa chini kwa chini. Ukiacha kupaka anarudi mpana zaidi, na safari hii hata ule mduara wake umepotea, hivyo anaweza kudhaniwa ni pumu ya ngozi. Sisi hatuiuzi, na tumeshapoteza wateja kwa hilo.

Tunachofanya ni kukwangua. Tunakwangua pembezoni mwa doa, siyo katikati, kwa sababu fangasi hutanuka kwenda nje na katikati huwa pameanza kupona. Magamba na vipande vya nywele tunavilaza kwenye kioo, tunadondosha potasiamu haidroksaidi, tunasubiri iyeyushe ngozi, halafu tunaweka chini ya hadubini. Akiwepo, utaona mbegu zake zimeuzunguka unywele kama punje za mtama zilizobana kwenye suke. Mteja akitaka kuchungulia, tunampisha. Kama jana ulipaka krimu au oili chafu ya gari (tunawajua), tunaweza tusione kitu ilhali yupo. Tuite ngozi ikiwa kavu, haijapakwa kitu.

Kipimo kina kazi nyingine pia. Si kila gamba ni fangasi. Ukurutu, yaani upele wa mifugo, unaletwa na wadudu, ugonjwa wa mapele ngozi wa ng'ombe unaletwa na virusi, na upo ugonjwa wa bakteria unaofanya manyoya yagandamane wakati wa mvua. Dawa ya fangasi haigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa ndama, nikuambie ukweli ambao mwenye duka hapaswi kuusema: wengi hupona wenyewe ndani ya miezi michache wakipata jua na lishe. Tunawatibu kwa ajili ya wenzao zizini na kwa ajili ya watoto wako. Vaa glavu, lainisha magamba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua yatoke, yakusanye uyachome moto, kisha paka iodini, na urudie kama tutakavyokuandikia. Nguzo anazojikunia zisuguliwe pia, kwa kuwa mbegu za fangasi hukaa hai kwenye mbao kwa miezi mingi.

Kwa mtoto hatugusi. Yule kijana tulimwandikia karatasi ya majibu ya ndama aende nayo kituo cha afya. Fangasi wa kichwani yumo ndani ya mzizi wa unywele, krimu haimfikii. Anahitaji vidonge kama griseofulvini au terbinafini kwa wiki kadhaa, na kipimo cha dawa hufuata uzito wa mtoto. Doa la mkononi au kifuani ni rahisi zaidi: krimu ya klotrimazoli peke yake, kwa wiki mbili hadi nne, bila kuacha siku doa linapofifia.

Paka wa nyumbani naye asisahaulike. Anaweza kubeba fangasi bila doa hata moja. Tunampitishia mswaki mpya mwilini na kuyaotesha manyoya yatakayobaki humo, tuone kama fangasi ataota. Majibu hayo huchukua wiki mbili hadi nne, tuvumiliane.

Wenye vizimba vya sato mnaotupigia kuhusu samaki walioota "pamba", ule utando mweupe mwilini: mara nyingi hiyo huanzia kwenye jeraha la wavu. Kabla ya kuuliza dawa, angalieni mnavyowashika siku ya kupanga saizi.

Kwa zizi moja tunachukua sampuli za ndama wawili au watatu tu, hatulipishi kila kichwa. Piga simu kwanza, tutakuja sisi. Wiki iliyopita kuna ndama aliletwa kwa bajaji, na dereva bado anatudai gharama za kuosha kiti.