Nondo za dirisha nazo zihesabiwe

Kampala

Mpendwa Mariamu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani Arua. Barua yako nimeipata, na lile jedwali la madirisha nimelitazama kwa makini. Unauliza kwa nini Revit, ile programu ya kompyuta ya kuchora majengo, inakuonyesha madirisha 24 ya madarasa, lakini grili, mabawa na nyavu za mbu hazimo, ilhali kwenye mchoro zinaonekana vizuri kabisa. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hapa kuna pesa za watu. Fundi wa Katwe anakata chuma kwa orodha aliyopewa. Kisichoandikwa hakikatwi, na kikikumbukwa baadaye kinadaiwa kama kazi ya ziada.

Familia ya dirisha lako, yaani kile kielelezo ambacho Revit inakitumia kuchora kila dirisha, ni mama, na ndani yake umepachika watoto: grili, mabawa na nyavu. Mtoto aliyepachikwa hivi hivi anakuwa sehemu ya mwili wa mama: hahesabiwi peke yake wala huwezi kumwekea lebo. Mfungue mtoto mwenyewe kwenye kihariri cha familia, nenda kwenye kategoria na vigezo vya familia, weka alama kwenye kisanduku cha "Shared", mrudishe kwa mama, kisha mpakie mama kwenye mradi. Baada ya hapo ataingia kwenye jedwali, na ukibonyeza Tab utaweza hata kumchagua akiwa ndani ya mama.

Ila kabla ya kuweka alama, angalia kategoria yake. Mtu akijenga grili na mabawa yote katika kategoria ya madirisha, basi kila dirisha lenye mabawa 2 na grili 1 litaandikwa mara 4, na madirisha yako 24 yatasomeka 96. Mkadiriaji majenzi akiichukua namba hiyo, bei yote inaharibika. Mimi grili naiweka katika kategoria ya vitu vya jumla, halafu naitengenezea jedwali lake. Ukitaka mama na watoto wakae pamoja, tumia jedwali la kategoria nyingi.

Jambo linalowachosha wengi ni vipimo. Mtoto aliyewekewa alama ya "Shared" hakubali vigezo vyake vya aina, yaani vile ambavyo vipande vyote vya aina moja vinashiriki, viongozwe na mama. Ni vigezo vya kipande kimoja kimoja tu ndivyo vinavyounganishwa. Kwa hiyo upana na kimo cha grili vifanye vya kipande, uviunganishe na upana na kimo cha dirisha. Vifanye pia vitoke kwenye lile faili la maandishi la vigezo vya pamoja, ili jedwali liweze kuvisoma. Ongeza na kigezo cha maandishi, nakiita Alama ya Dirisha, kinachopokea kutoka kwa mama alama ya dirisha husika, W1 au W2. Bila hicho fundi atapata grili 24 asijue ipi inakwenda wapi. Faili hilo la maandishi litunzeni moja ofisi nzima. Kila kigezo kina namba yake ya utambulisho, na ukiunda kingine chenye jina lile lile, kwa Revit hicho ni kigezo kingine kabisa na safu yako itabaki tupu.

Nondo zenyewe usizigeuze watoto wa kuhesabiwa moja moja. Fomula inatosha: gawanya upana kwa nafasi, pandisha hadi namba kamili, toa 1. Dirisha la milimita 1200 kwa nafasi ya 120 linatoa nondo 9, na namba hiyo inakaa kama kigezo ndani ya grili. Kipimo changu ni hiki: kinachonunuliwa au kutengenezwa peke yake kiwe na mstari wake, vingine vibaki mwilini mwa mama. Bawaba sizipi mstari, wavu wa mbu naupa, maana mara nyingi unatengenezwa na mtu mwingine.

Umesema pia kwamba madirisha ya stoo hayana wavu, ukauficha kwa kigezo cha ndiyo na hapana. Angalia sana hapo. Mtoto aliyefichwa haonekani, lakini kwenye jedwali bado anahesabiwa. Mpe wavu kigezo cha kipande cha ndiyo na hapana, ukiunganishe na kile kile cha mama, kisha uchuje jedwali libakize wenye "ndiyo" tu.

Na ukipakia familia upya, Revit ikikuuliza mtoto achukuliwe kutoka kwenye mradi au kwenye familia unayopakia, soma swali hilo kabla ya kubonyeza. Ukichagua wa mradi, grili uliyoirekebisha itabaki ile ya zamani.

Nitumie familia ya dirisha peke yake, mradi mzima ni mzito bure. Nitakuunganishia vigezo vya grili na kukurudishia, wewe umalizie mabawa, na jedwali tulipitie kwa simu kabla hujampelekea fundi.

Msalimie mama sana.

Rafiki yako,
Zaituni