Kuhusu kikao cha Jumamosi

Bwana asifiwe, wapendwa. Jumamosi tunajadili riwaya za Kikristo za mapenzi na taharuki. Naomba kila mmoja aje akiwa amelitafakari swali moja: hofu inaifanyia nini imani ya mhusika?

Mara nyingi kuna binti anayewindwa, na mlinzi wake aliyeacha kuomba tangu alipofiwa. Hatari inawalazimisha kuaminiana kabla hawajajuana vizuri, na hapo ndipo mimi husoma polepole. Wanapendana kweli, au wamekimbiliana kwa woga? 1 Yohana 4:18 inasema katika pendo hamna hofu. Wapimeni kwa mstari huo.

Angalieni na maombi yao. Riwaya dhaifu humleta Mungu ukurasa wa mwisho tu, kuja kuokoa. Iliyo nzuri humwacha mtu aseme kama wale vijana watatu mbele ya tanuru, Danieli 3:18: "Bali kama si hivyo...", yaani hata Mungu asipowaokoa na moto, hawataisujudia sanamu ya mfalme. Sura hiyo hunigusa kila mara, tafadhali isomeni yote kabla ya kuja.

Atakayechelewa anijulishe mapema. Wageni, karibuni sana, msione haya kuchangia.