Kijiwe chako, na homa niliyoiona kwa mdogo wangu

Morogoro, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, na safari hii neno hilo silisemi kwa mazoea. Uliponipigia Alhamisi kwamba altrasaundi imeonyesha kijiwe kwenye figo yako, nilikujibu harakaharaka kwa sababu wateja walikuwa wamejaa dukani. Tangu siku hiyo sina raha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia.

Unajua mdogo wangu wa mwisho anaendesha lori la Dar mpaka Tunduma. Kwenye joto lile hunywa maji kidogo ili asisimamesimame njiani. Mwaka jana utingo wake alimshusha hapa Msamvu amejikunja upande wa kushoto. Maumivu yalianzia mgongoni chini ya mbavu, yakashuka mpaka kinenani. Yanabana, yanaachia, yanarudi. Alishawahi kupata hivyo, akasema ni kijiwe, kitatoka chenyewe. Nami nikaamini, nikawa namchemshia maji na kumkanda mgongo.

Siku ya pili ikaja homa. Tukaenda zahanati ya karibu. Malaria hakuna. Mkojo, wakasema, msafi. Akachomwa sindano ya maumivu, akapewa vidonge, tukarudi nyumbani.

Shoga, hapa ndipo nataka unisikilize. Ule mkojo waliopima ulikuwa msafi kwa sababu ulitoka kwenye figo moja tu, ile nzima. Mchafu ulikuwa umefungiwa juu, nyuma ya jiwe, hauna pa kupita. Mtu anakojoa kama kawaida, kipimo kinasema hana neno, na huku figo ya pili inajaa usaha. Mimi sikulijua hilo. Niliona karatasi ya majibu, nikatulia, nikapika.

Saa nane usiku nikasikia kitu kinagonga ukuta. Nilidhani ni mlango. Kumbe ni kitanda, yeye anatetemeka. Blanketi tatu, na bado meno yanagongana. Vidole baridi kama vya maiti, kifua kinaunguza. Nikamuuliza leo siku gani, akanijibu kwa kulitaja jina la marehemu mama. Nikakimbia kumgongea jirani mwenye bajaji.

Hospitali kubwa walimkuta presha 80 kwa 50 na moyo ukipiga 130 kwa dakika. Wakamtundikia dripu mikono yote miwili, wakachukua damu ya kuotesha maabara ili wadudu wajulikane, wakaanza antibayotiki ya mshipa papo hapo. Daktari wa zamu, kijana mdogo tu, akapitisha altrasaundi ubavuni, akaniita nitazame. Figo ya kulia imetulia. Ya kushoto imevimba, katikati yake pana shimo jeusi lenye ukunguukungu ndani. Siti skani ikaonyesha jiwe la milimita 9 limekwama juu, pale mrija unapoanza kushuka kwenda kwenye kibofu.

Daktari akasema lazima figo itobolewe usaha utoke, usiku uleule. Nikamwambia, si ameshaanza dawa, tungoje pakuche? Akanijibu kwa upole: "Dada, umewahi kuona jipu limepona kwa vidonge bila kutumbuliwa? Figo iliyoziba haichuji vizuri, na dawa inayofika mle ni kidogo mno. Wadudu wanasukumwa kwenye damu kila dakika." Akaniambia pia kwamba Marekani walipitia kumbukumbu za hospitali za mwaka 2007 hadi 2009, za wagonjwa wenye jiwe na maambukizi yaliyosambaa mwilini kama yeye. Waliobaki bila kufunguliwa njia walikufa kama 19 katika kila 100. Waliofunguliwa, kama 9. Nilitia saini mkono ukinitetemeka.

Njia ziko mbili. Wanaweza kupita chini kwa kamera, kupitia kibofu, wakapandisha mpira mwembamba ukapita kando ya jiwe, au wakatoboa kutoka mgongoni. Zote zinafanya kazi. Kwake walichagua mgongo, kwa sababu hakuwa katika hali ya kulazwa usingizi. Alilazwa kifudifudi, akapigwa ganzi ya pale tu, sindano ndefu ikaongozwa na altrasaundi mpaka ndani ya figo. Kisha waya ukapita kwenye sindano, tundu likapanuliwa kidogo kidogo, na juu ya waya ukaingia mrija, unene wake kama kijiti cha kiberiti, ncha ikijikunja ndani ili usichomoke. Haikufika hata saa moja. Nilisoma baadaye kwamba Willard Goodwin na wenzake wa Los Angeles waliandika kuhusu njia hii ya sindano mwaka 1955. Nilimwombea dua mzee wa watu, maana bila hivyo ingekuwa kupasuliwa ubavu, na mdogo wangu usiku ule asingehimili kisu.

Nesi alitoka na mfuko. Nilitegemea mkojo. Kilichokuwamo kilikuwa kizito, rangi ya maziwa ya mgando yaliyochanganyika na damu, na harufu yake sijaisahau. Hicho ndicho alichokuwa amebeba ubavuni wakati mimi namkanda.

Usidhani alipona palepale. Saa ile ya kwanza alitetemeka zaidi, wakamhamishia ICU. Siku ya pili jioni homa ikaanza kushuka. Siku ya tatu aliomba uji wa ulezi, nikaenda kulia chooni. Mfuko nao ulikuwa umebadilika, mkojo wa njano umeanza kuja.

Na jiwe waliliacha. Nilikasirika, nikadhani wanatuzungusha ili tulipe tena. Wakanieleza kwamba kulichokonoa na kusukuma maji kwenye figo yenye usaha ni kumwaga wadudu kwenye damu. Alikaa na mrija wiki tatu, mimi nikibadilisha mfuko na kuchunga asiuvute usingizini, ndipo wakaingia na kamera, wakalivunja kwa leza.

Sasa wewe. Kijiwe bila homa kinaweza kungoja, daktari wako amekuambia hivyo na mimi simpingi. Hata bibi anayekuchemshia mizizi sina ugomvi naye. Ila ukishikwa na maumivu ya ubavu na joto likafika 38, au ukatetemeka baridi, usinywe chochote cha kusubiria. Nenda hospitali yenye altrasaundi, hata kama ni usiku, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe: nina jiwe kwenye figo, na nina homa. Wakikuambia mkojo msafi, omba figo zipigwe picha. Na wewe una kisukari, shoga, maambukizi kwako hayachelewi. Mwambie shemeji haya yote leo, asije akajifunza usiku wa manane kama mimi.

Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi la Tanga kifurushi chako. Kuna kitenge ulichokiomba, na ndani yake nimekunja kipimajoto. Nipigie ukikipokea.

Ni mimi shoga yako wa tangu bwenini