Kuhusu mlio wa redio ya gari lako

Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, na umfikishie shemeji za kwake. Sauti uliyonirekodia nimeisikiliza mara tatu. Kabla hujanunua kichujio cha kelele anachokushinikiza fundi wako, naomba uelewe kwamba unayoyaita tatizo moja ni mawili, yaani mlio na stesheni kukwaruza, na kila moja lina chanzo chake.

Ule mlio mwembamba kama wa mbu, unaopanda kila unapokanyaga mafuta, asili yake ni altaneta (mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri), ingawa altaneta yenyewe yaweza kuwa nzima kabisa. Zima kila kitu, chomoa nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, kwenye amplifaya, kisha washa injini na muziki. Usizichomoe redio ikiwa inawaka, maana waweza kuunguza fyuzi ndogo iliyo ndani yake, na hapo mlio utazidi. Ukiendelea kuusikia, tafuta kwenye amplifaya na nyaya za spika. Ukikoma, basi ama nyaya za RCA zimelazwa pamoja na waya mnene wa betri, ama ethi (waya hasi unaofungwa kwenye bati la gari) ya redio na ya amplifaya hazilingani.

Kwenye Probox yangu lilikuwa hilo la ethi. Nilirudisha nyaya, nikaongeza sauti injini ikiunguruma, nikapima kwa mita kati ya bolti ya ethi ya amplifaya na ncha hasi ya betri, nikakuta volti 0.6 mahali panapotakiwa kuwa karibu na sifuri. Aliyenifungia alikuwa amekaza bolti juu ya rangi! Nilikwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, eneo la upana wa sarafu ya shilingi mia mbili, nikakaza upya, na mlio ukaisha siku hiyohiyo.

Kuhusu stesheni kukwaruza na nyingine kupotea, nashuku mambo mawili yaliyo nyuma ya dashibodi. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani ilianzia megahezi 76 za FM na kuishia 90, ndiyo maana ulifungiwa ekspanda, kifaa cha kushusha masafa ya stesheni, ambayo kama ni ya megahezi 12 huileta stesheni ya 100 kwenye 88. Redio yako mpya inafika 108 bila msaada, kwa hiyo ekspanda ikiwa imesahaulika humo, stesheni zinaendelea kusogezwa chini, na zinazoangukia chini ya 87.5 huzipati tena. Itoe, uchomeke antena moja kwa moja. Pili, kama antena yako ina busta (kikuza mawimbi), inahitaji umeme kutoka kwenye waya wa buluu wa redio. Mafundi wengi huuacha unaning'inia.

Vilevile chomoa chaja ya simu kwenye soketi ya sigara unaposikiliza, kwani zile za bei poa huchafua mawimbi kuliko unavyodhani.

Ukishapima ethi, niandikie namba uliyoipata, pamoja na tarakimu iliyochapishwa juu ya ekspanda.

Wasalaam,
Rafikiyo wa siku nyingi