Barua ya wazi kwa wanaowarikodi walimu wapya

Kwa washauri wa masomo, walimu wakuu na nyote mnaowalea walimu wapya, Unguja na Pemba.

Assalaam aleikum wanangu.

Nimeletewa kwenye simu video ya mwalimu wa kike aliyeanza kazi mwaka huu. Anafundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, darasa la tano, anakosea ubaoni, anafuta, anakosea tena. Video ile ilichukuliwa ili asaidiwe. Hadi inanifikia mimi ilikuwa imeshazunguka katika makundi ya WhatsApp, na watu wazima, wakiwemo walimu, wanamcheka. Mwenyewe alikuwa bado hajaiona. Sasa ameomba ahamishiwe ofisini.

Nimeghadhibika na sifichi. Sisi ni watu wa stara. Kwenye harusi za wanawake tunajua kuzuia simu mlangoni, asije mke wa mtu akaonwa na wasiomuhusu. Mbona tukifika darasani stara hiyo tunaivua? Siku hizi mtu akianguka na vespa barabarani hanyanyuliwi, anarikodiwa kwanza. Maradhi hayo sasa tumeyaingiza skuli. Na kijana akishajua kwamba kosa lake litarushwa, siku ya kurikodiwa atawakalisha mbele wale wanaojua, atarejea somo la jana, darasa zima litaitikia kwa sauti moja, na nyinyi mtaondoka na video nzuri isiyomfaa mtu. Mtakuwa mmemfundisha kujificha.

Video ni ya aliyerikodiwa. Aitazame yeye kwanza, peke yake, kisha akae na mshauri wake. Akisema asiione mtu wa tatu, isionwe. Na watoto wamo humo: wazazi wao waombwe ruhusa kabla ya kurikodi, si baada.

Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilipoanza mtindo huu mwaka 1963, Dwight Allen na wenzake walimpa mwanagenzi watoto wachache, dakika 5 hadi 10, na jambo moja tu la kujizoeza. Akaitazama kazi yake, akashauriwa, akafundisha tena. Sisi tunarikodi kipindi kizima, halafu tunamkabidhi kijana orodha ya makosa kurasa mbili. Ataanza na lipi?

Simu isimfuate mwalimu. Iwekwe mbele, pembeni, iwatazame watoto: nani anaandika, nani ananakili kwa mwenzake, wa dirishani anaangalia nini. Sauti isikike. Mshauri aulize kabla ya kuhukumu.

Na kama hamjui pa kuanzia, hesabuni ukimya. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza sauti zilizorikodiwa madarasani, na katika miaka ya 1970 akaandika kuwa mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu, kisha humwita mwengine au hujibu mwenyewe. Walimu waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na hata watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde 3, wanangu! Haziombewi fungu la bajeti. Lakini mwalimu mpya anauogopa ukimya, kwani anahisi mwalimu mkuu akipita barazani atasema darasa limelala. Akiwa anafundisha hawezi kujua kwamba ameharakisha. Mpeni video yake na saa, ahesabu mwenyewe, swali baada ya swali. Nanyi walimu wakuu, mkipita mkasikia kimya, piteni.

Kisha lipo jambo tunaloliacha kila mara: kumrejesha darasani mapema. Skuli zetu nyingi zina mikondo miwili mitatu ya darasa moja. Aliyefundisha 5A na kujitazama, afundishe somo lile lile 5B wiki hiyo hiyo, arikodiwe tena akitaka. Mwalimu mkuu ampangie kipindi hicho kwenye ratiba, na mshauri wa kituo cha walimu aje kukaa nyuma ya darasa, bila ya fomu ya ukaguzi mkononi.

Wassalaam,
Mwalimu wenu mstaafu, Wete, Pemba